Dawa, keratini au pasi? Jibu kwa bi harusi wa Tanga

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Tanga. Nywele zangu ni za asili, kipilipili kizito, sijawahi kutia dawa tangu nizaliwe. Nikizivuta zinafika mabegani. Harusi yangu ni baada ya miezi mitatu na nataka siku hiyo ziwe zimenyooka, na ikiwezekana zibaki hivyo hata nikishaolewa. Mama anasema nitie dawa nimalize kazi. Rafiki yangu wa Dar ametia keratini ya Brazili, anasema hiyo si dawa bali ni chakula cha nywele. Msusi wangu anasema pasi inatosha. Nywele za pembeni mwa paji zimepungua kwa sababu ya rasta, na utosini huwa nawashwa. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera nyingi.

Ndani ya swali lako mna maswali mawili, ndiyo maana ushauri uliopewa unagongana. Kuna siku ya harusi, na kuna miaka itakayofuata. Msusi wako anaifikiria siku ile, mama anaifikiria miaka. Nikujibu kwa kifupi kwanza ili usisome huku moyo unakudunda: kwa ajili ya harusi piga pasi, ila kwa maandalizi yanayoanza sasa hivi. Dawa isikuguse kichwa kwa hali uliyonayo leo, kwa sababu ya huo utosi unaowasha na hizo nywele za pembeni. Keratini achana nayo kabisa. Ya baada ya harusi nitayafikia, na ndiyo yatakayohitaji maneno mengi.

Unywele umejengwa kwa protini, na umbo lake linashikiliwa na vifungo. Viwili ndivyo vinavyotuhusu. Kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni vyepesi: maji huvifungua, joto huvikausha vikiwa katika umbo jipya, maji yakirudi vinafunguka tena. Halafu kuna vifungo vya salfa, ambavyo haviyajali maji. Ndivyo vinavyolishikilia pindo la kipilipili hata uoshe mara ngapi. Pasi, blodraya, rola, kitana cha moto na hata nywele za uzi hufanya kazi kwenye vile vya kwanza tu. Dawa huvunja vya pili, na vikishavunjwa havirudi. Sehemu iliyotiwa dawa itabaki imenyooka mpaka ikatwe, huku chini yake kipilipili kinaota upya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni nzuri, jiulize katika mwaka mzima unazitaka nywele zilizonyooka siku ngapi. Anayezitaka kwa harusi, Idi na shughuli mbili tatu hana sababu ya kuvunja kifungo kisichorudi. Anayezitaka kila siku ana hesabu nyingine. Na mahali unapoishi nako kuna neno lake. Pasi iliyopigwa Arusha au Nairobi wakati wa baridi inaweza kukaa wiki nzima ikiwa bado inateleza. Pasi hiyo hiyo Tanga, Mombasa au Unguja inakutana na hewa iliyojaa maji ya bahari na jasho chini ya mtandio, na siku ya pili mizizi imeshaanza kujikunja. Hilo si kosa la msusi wala la mafuta aliyopaka. Ni vile vifungo vyepesi vinakunywa unyevu.

Sasa keratini, maana hapo ndipo wengi wanapoponzwa na jina. Unywele uliokwisha kuota hauli chochote. Hauna uhai wa kupokea chakula. Kinachonyoosha si ile keratini iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye chupa, bali kemikali inayozigandisha protini za unywele zikiwa zimelazwa na pasi kali. Kwa miaka mingi kemikali hiyo imekuwa fomaldehaidi, ambayo kwenye lebo huweza pia kuitwa formalini au methilini glikoli. Ndiyo ile inayotumika kuhifadhia maiti. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Oregon, Marekani, walipima bidhaa ya aina hii iliyokuwa imeandikwa kwamba haina fomaldehaidi, wakaikuta imo kwa kiwango kikubwa.

Baada ya hapo watengenezaji wengi wakahamia asidi ya glaioksiliki, na ndiyo maana leo utaona chupa zimeandikwa “bila formalini”. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake ziliumia mara tatu, 2020, 2021 na 2022, kila mara baada ya kunyooshwa nywele kwa bidhaa yenye asidi hiyo. Madaktari wa Israeli nao walikuwa wamekusanya habari za wagonjwa 26 wa figo waliotoka kunyoosha nywele. Wewe una utosi unaokuwasha, na ngozi iliyochubuka kwa kujikuna haizuii kitu kuingia mwilini. Tena kwenye kipilipili kizito keratini hulegeza pindo tu, hainyooshi kama ulivyoona kwa rafiki yako, na hata huko kulegeza kunadai pasi ipandishwe hadi nyuzi 230. Joto hilo lenyewe linatosha kuukata unywele.

Nina neno hapa kwa ajili ya wasusi wenzangu. Mteja huvuta moshi ule mara tatu kwa mwaka. Msichana anayejifunza kazi huuvuta siku sita kwa wiki, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na akilalamika macho yanamwasha anaambiwa atazoea. Hilo linaniumiza kuliko nywele zote zilizokatika.

Turudi kwa mama yako, kwa sababu hajakosea kama vijana wanavyodhani. Dawa ni kitu kinachojulikana. Wanawake wa rika lake wametia dawa miaka mingi na wengi wao nywele zao zipo. Lakini ujue unachotia. Dawa ya kopo, ile ambayo saluni huichota moja kwa moja, kwa kawaida ni hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ile ile ya watengeneza sabuni. Dawa ya boksi yenye krimu na kichupa cha kuchanganyia ni hidroksidi ya guanidini, inayopatikana pale unapokoroga. Hiyo ya pili husifiwa kuwa ni laini, na kwa kweli watu wengi huhisi inachoma kidogo. Ila watafiti wa Cape Town walipozipima dawa za madukani, matokeo yao yakatoka 2019, walizikuta za aina zote mbili ziko kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kama 12, pamoja na zile za watoto. Maji safi ni 7. Kufika 11.5 tayari ni kiwango cha kitu kinachounguza ngozi. Dawa ya boksi ina jambo lake jingine: huacha chembe za kalsiamu kwenye unywele, na zikikutana na maji ya kisima yenye chumvi kama mengi ya huko kwenu, nywele huwa kavu kama makumbi.

Ule usemi wa saluni kwamba ikianza kuchoma ndiyo inakolea, usiukubali hata siku moja. Dawa ikichoma maana yake imeshafika kwenye ngozi. Unywele hauna hisia, hauwezi kukuambia kwamba umenyooka.

Kwako wewe, sababu za kuikataa dawa kwa sasa ni mbili, na ziko kichwani mwako. Kwanza pembeni. Nywele zilizopungua kwa kuvutwa na rasta bado zinaweza kurudi kama shimo la unywele halijafungwa na kovu, lakini zinahitaji kuachwa. Daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Afrika Kusini walichunguza wanafunzi wa kike na wanawake wazima, wakaona kwamba upara wa kuvutwa ni mwingi zaidi pale nywele zinapovutwa zikiwa zimetiwa dawa. Dawa hupunguza nguvu ya unywele, kisha rasta huumalizia. Bi harusi anayetia dawa leo ili asukwe rasta baada ya fungate anajitafutia paji linalorudi nyuma.

Pili, utosi. Kuwashwa huenda ikawa ni mba tu, au shampuu isiyosuuzwa vizuri. Lakini upo upara unaowapata zaidi wanawake weusi, unaoanzia katikati ya utosi na kusambaa polepole, ukiacha kovu mahali pa shimo la unywele. Madaktari walipouandika 1968 waliuita upara wa kitana cha moto; baadaye ikaonekana hata wasiotumia kitana wanaupata, jina likabadilishwa. Mara nyingi huanza kwa kuwasha, kuuma ukigusa, au nywele za utosi kukatika fupi fupi. Sisemi unao. Nasema asikutie mtu dawa juu ya utosi ambao haujajulikana unawashwa na nini.

Lipo pia lile la saratani ya mji wa mimba, ambalo najua umelisikia, kwa kuwa wateja wananiuliza kila wiki. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakuwa wametumia bidhaa za kunyoosha nywele katika mwaka uliotangulia, walikadiria kwamba 1.64 katika kila 100 wangepata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne katika mwaka huo, 4.05. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na hawakuuliza ni bidhaa gani. Mimi siuchukulii kama tishio la kumfanya mtu asilale. Nauchukulia kama sababu nzuri ya kupunguza mara, na kutomwekea dawa mtoto wa darasa la tatu.

Basi, harusi. Miezi mitatu inatosha kabisa.

Fumua rasta wiki hii na usisuke nyingine. Osha kila wiki, tia kondishena, fanya stimingi, kata ncha zilizopasuka hata kama moyo unauma, kwa sababu pasi huzianika ncha mbovu mbele za watu. Kati ya kuosha na kuosha, suka uzi. Ndiyo, uzi wa bibi zetu, ule mweusi wa madukani. Nywele zikiwa na unyevu kidogo na kondishena kidogo, gawa mafungu, zungushia uzi kutoka kwenye mzizi hadi ncha, usibane, ulale nazo. Asubuhi ukifumua utakuta sehemu kubwa ya kazi ya kunyoosha imeshafanyika bila moto wowote. Naisifu njia hii kwa kila ninayemfundisha, na inanisikitisha kuona wasichana wanaiona ya kijijini huku wakinunua mashine za bei kubwa zifanye kazi ile ile kwa kuunguza. Mafungu ya mbele, karibu na paji, yaache bila uzi mpaka zirudi.

Mwezi mmoja kabla, piga pasi ya majaribio. Lengo si kuona utakavyopendeza, ingawa utaona. Lengo ni kuosha baada ya siku chache na kutazama kama kipilipili kinarudi chote. Fungu litakalobaki limelegea limeungua. Kwa hiyo joto lipunguzwe siku yenyewe, au ubadilishe mpigaji.

Siku ya kupiga ipange na shughuli zako nyingine. Singo, kufukizwa na kila kitu chenye mvuke vimalizike kabla pasi haijagusa kichwa, la sivyo kazi yote itayeyuka jioni ile ile. Kama unataka hina ya nywele, ipakwe wiki mbili au zaidi kabla, tena hina safi ya majani, si unga mweusi wa pakiti. Osha nywele siku moja kabla ya harusi, suka uzi ulale nazo, asubuhi pitisha blodraya ya joto la wastani mpaka zikauke kabisa. Kabisa. Pasi kwenye unywele wenye maji huyachemsha maji yaliyo ndani, nao hupasuka kutoka ndani. Ukisikia nywele inachachatika na kuona moshi, mwambie asimame.

Pasi iwe na namba. Zile zenye taa tu, ambazo hujui ziko nyuzi ngapi, zisikukaribie. Anza na 180, na hata kwa kipilipili kizito usivuke 200. Ishike karatasi nyeupe kwanza: ikigeuka kahawia, nywele zako nazo zitageuka. Kabla ya hapo ipakwe siramu ya kukinga joto, kidogo. Mafuta ya nazi na Vaseline si kinga, yanakaangiza. Fungu liwe jembamba, kitana kitangulie na pasi ifuate, mara moja, ikizidi mara mbili. Msusi anayerudia fungu moja mara sita hana shida ya nywele zako, ana shida ya haraka: amechukua fungu nene mno. Kitana cha moto cha kwenye jiko sikushauri, kwa kuwa hakuna anayejua joto lake, na mafuta yakiyeyuka hukimbilia kwenye utosi ule ule tunaoulinda.

Za pembeni zisipigwe pasi. Zilazwe kwa jeli na kufungwa kitambaa laini dakika chache. Mpambaji ataka kubana shela na taji hapo hapo mbele. Mwambie mapema abane nyuma, kwenye nywele zenye nguvu, na kikuba cha asumini kiwekwe huko huko.

Umesema unataka zibaki zimenyooka ukishaolewa. Hili wasichana hawaambiwi waziwazi, nami nakuambia kama dada: mke Mwislamu anakoga josho, na josho linataka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa. Kila josho ni mwisho wa pasi. Wapo wanaorudia pasi kila baada ya siku mbili tatu ili wabaki vile vile, na hao ndio ninaowapokea baada ya mwaka wakiwa na nywele nusu shubiri zilizokatika bila kutiwa dawa hata mara moja. Pasi ya mara kwa mara si njia ya asili eti kwa kuwa haina kemikali. Mimi kwa nywele kama zako sivuki mara moja kwa mwezi.

Ndiyo maana nikasema mama hajakosea kabisa. Anajua maisha ya ndoa na maji. Wanawake wengi wa pwani walichagua dawa kwa sababu hii hii, si kwa kuiga mtu. Unayo njia ya katikati: wiki za kawaida nywele za uzi au mabutu makubwa yasiyobana, ambayo maji yanapita mpaka kwenye mizizi, na ukiyafumua unapata nywele ndefu zilizolala nusu, pasi iwe ya shughuli. Jaribu hivyo miezi sita baada ya harusi. Mume ataziona nywele zako katika hali zote, na ni vizuri azizoee mapema.

Ikiwa baada ya hapo bado unazitaka zimenyooka kila siku, tia dawa, wala mtu asikuonee kwamba unajidharau. Ila kwa masharti yangu. Utosi uwe umepona na pembeni pamerudi. Usiwe mjamzito wala hunyonyeshi. Boksi liwe na alama ya TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi Tanzania. Siku tatu kabla usioshe wala usikune kichwa. Ukijikuna kwa bahati mbaya, ahirisha. Vaseline ipakwe kwenye ngozi yote, masikio na paji. Ajaribu kwanza fungu moja dogo la kisogoni. Wakati wa kuritachi dawa iguse nywele zilizoota tu, isivutwe hadi kwenye ncha zilizotiwa zamani, na iwe kila baada ya wiki 12, si kila mwisho wa mwezi. Hapo kwa kawaida utakuwa chini ya zile mara tano na zaidi kwa mwaka ambazo utafiti wa 2022 uliziona zikiandamana na hatari. Iondolewe na shampuu ya kuzima dawa, ile inayobadilika rangi dawa ikiwa bado ipo, na msusi asiache mpaka povu liwe jeupe. Rangi isitiwe siku hiyo. Na dawa ya kutengeneza mawimbi, yenye thioglikoleti, isikutane kamwe na nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha. Hizo mbili zikikutana, nywele hukatika zikiwa bado mkononi mwa msusi.

La kuanza nalo wiki hii ni utosi. Nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga, umwombe daktari akutazame au akuandikie rufaa ya ngozi. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Nenda umefumua nywele, umeosha, bila mafuta wala jeli, ili aione ngozi yenyewe, na umweleze umeanza kuwashwa lini na kama nywele za hapo katikati zinakatika fupi kuliko za pembeni.